Mtumwa wa Kitumbua Kimoja

Mjukuu wangu kaingia chuo kikuu mwaka huu, anasomea ualimu. Wiki nzima ya kwanza alikuwa akirudi nyumbani na kitu kipya: leo fulana, kesho mfuko, keshokutwa chupa ya maji yenye jina la chuo. Nikamuuliza, mnafanya nini huko? Akasema, tunakaribishwa, babu, tunaonyeshwa maktaba, mabweni na benki. Nikamuuliza, na watu mmeonyeshwa? Akanitazama. Watu gani, babu? Basi nikamwambia kaa kitako nikusimulie habari za Projestus. Hakukaa, ana simu yake. Nawasimulia nyie.

Mie naitwa Bakari, Mnyamwezi wa Temeke. Babu yangu alishuka pwani na mizigo ya wenyewe, akaoa, akabaki. Unyamwezini kwenyewe sijafika mpaka leo, lakini Mnyamwezi ni Mnyamwezi, na Wazaramo wote ni watumwa wangu. Msishtuke. Wao nao wanasema mie ndiye mtumwa wao, na wote tunasema kweli. Sie ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa. Anakutukana mbele za watu, anakukamatia kuku wako akamla, anakuja msibani kwako akafanya vituko vyake, na ukikasirika aibu ni yako, si yake. Asiye mtani hana ruhusa hiyo hata chembe. Hilo Temeke mtoto anayetambaa alikuwa akilijua.

Mwaka wa hamsini na mbili nikapata nafasi katika chuo cha walimu kilichokuwa ukingoni mwa Temeke, kule mashamba yalikoanzia. Msikitafute, kilivunjwa zamani. Yalikuwa majengo manne ya bati, na kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa kikawa ndiyo kengele. Kando yake palikuwa na shule ndogo ya mazoezi, watoto wake ni wa mitaa ile ile, ndio tuliojifunzia kazi. Wiki ya kwanza tuliitwa wageni. Hujaandikwa bado, huna kitanda chako, unalala unapooneshwa. Unashikishwa chaki, unafundishwa kuandika ubaoni bila kuligeuzia darasa mgongo, unapalia bustani, unatembezwa mitaani kuwaamkia wazazi wa watoto utakaowafundisha. Jumamosi ndipo unaandikwa, au unafunga mzigo.

Aliyetusimamia ni Mwalimu Adelard, mtu wa bara, mfupi, kaptula yake ina pasi ya kukata kidole. Neno lake lilikuwa moja tu: asiyejua kuamkia hajui kufundisha. Alilisema asubuhi, mchana, na usiku tukiwa tumeshalala aliligonga dirishani.

Projestus alifika Jumatatu, ametoka Bukoba kwa meli, kisha kwa treni. Kijana mrefu mpaka anainama mlangoni, kavaa koti la sufu, na Dar es Salaam ile ya mwezi wa kwanza ilikuwa inamkamua jasho mpaka nikamwonea huruma. Nikamwambia vua koti, ndugu yangu, hapa hakuna baridi wala hakuna atakayekuibia. Akasema baba kanivisha mwenyewe. Siku ya pili akalivua.

Alikuwa na kifurushi cha magamba ya mgomba, ndani yake kahawa za kutafuna. Kila aliyempa mkono alimtilia kiganjani buni mbili. Kwao ndivyo unavyomkaribisha mtu moyoni, na ukizikataa umemkataa mwenyewe. Nilizitafuna za kwangu kwa adabu, nikazitema nyuma ya choo. Chungu, jamani, chungu kabisa.

Jioni ile tukiwa tunafua alinieleza habari za baba yake, Mzee Albano. Mzee hakuwahi kwenda shule hata siku moja, na Projestus ndiye mtoto wa kwanza wa ukoo wao kutumwa mbali kwa ajili ya kitabu. Siku ya kuondoka mzee alimsindikiza mpaka gatini, hakusema neno njia nzima, kisha akamwambia: "Usikae pembeni mwa watu. Wanalolifanya, nawe lifanye." Projestus aliliweka neno hilo kama wenzake wanavyoweka sala.

Sasa, langoni pa chuo alikuwa akikaa Bi Chausiku, bibi wa Kizaramo, na kikaango chake cha vitumbua. Asubuhi ya kwanza, kabla hata hatujajua majina ya wenzetu, alimwona Projestus amesimama peke yake na koti lake, akamwita. "Mwanangu, njoo. Mtu mrefu akianguka kwa njaa atatuvunjia mabanda." Akampa kitumbua cha moto, wala hakutaka kitu. Projestus akapiga magoti kukipokea, kama wanavyofanya kwao, na bibi akapenda mno.

Mie nilipotokea, lugha ikabadilika.

"Mtumwa wangu bado u hai?" akasema Bi Chausiku. "Niliambiwa fisi wamekuchukua."

"Fisi wataanza na wewe mzee, nyama imelainika. Na vitumbua vyako vigumu, unataka kuwavunja walimu meno."

"Mlafi mkubwa, utakula mpaka kikaango."

"Mlafi wewe, unavila usiku vikibaki, Temeke nzima inajua."

Basi hapo anacheka mpaka anashika ubavu, ananitilia kitumbua cha bure, nami nakwenda zangu nimeshiba matusi na mchele. Ndiyo ilikuwa salamu yetu tangu zamani. Projestus alisimama pembeni anatazama, anatabasamu, anajifunza. Hakuuliza. Nami sikujua kwamba darasa limeshaanza.

Jumanne usiku Bi Chausiku alilala, Jumatano hakuamka. Mzee wa watu alikwenda hivyo hivyo, bila kuugua. Mwalimu Adelard alifuta masomo yote, akasema msiba wa langoni ni msiba wetu, wageni wote tukazike. Mwana wa marehemu, Mwishehe, alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na mtaa ule alisikilizwa kuliko jumbe. Watoto wake watatu walikuwa shule yetu ya mazoezi.

Makaburini nilifanya kazi yangu. Mtani asipofanya vituko mzikoni, maiti kanyimwa heshima yake. Walipoanza kufukia nikanyakua jembe, nikalikalia, nikasema, "Hafukiwi mtu hapa. Bibi huyu kanipunja vitumbua, namtaka atoke anilipe." Wazee wakacheka huku macho yamejaa maji. Mwishehe mwenyewe akatabasamu, akavua kofia yake akanivisha kunilipa, nikanyanyuka. Nililia nikiwa nimevaa kofia ile. Nilimpenda bibi yule.

Hapo ndipo Projestus alipotoka katika safu ya wanafunzi. Akaja mpaka kwenye udongo, akashika jembe nililoliacha, akasema kwa sauti ya kanisani, kila mtu asikie: "Fukieni upesi. Bibi huyu mlafi, asije akarudi kula ubwabwa wa matanga."

Hakucheka mtu. Projestus alisimama na lile jembe, tabasamu lake bado lipo usoni, halijui pa kwenda. Mwishehe akamchukulia jembe taratibu, akafukia mwenyewe mpaka mwisho, hakumpa mtu zamu.

Alhamisi asubuhi madawati ya shule ya mazoezi yalikuwa nusu matupu. Mwishehe kawatoa watoto wake, na majirani wamemfuata. Walisema hawawezi kumpa mtoto kwa mtu anayemtukana maiti. Na muelewe, zama zile kumpata mtoto wa Kiislamu wa Temeke aje kusomeshwa na vijana waliotoka shule za misheni, kama Projestus, haikuwa kazi ndogo, Mwalimu Adelard alizunguka nyumba kwa nyumba miaka.

Akamwita Projestus, nami nikaingia bila kuitwa.

"Mimi najua hukukusudia," Mwalimu akasema. "Lakini sie tunaishi kwa watu hawa. Wakiondoa watoto wote, tutafundisha miti? Nenda kaombe radhi. Mwishehe akinijia hapa kwa miguu yake, Jumamosi nitakuandika. Asipokuja, kuna treni."

Alasiri tulikwenda. Mwishehe yuko kwenye mkeka wa matanga na wanaume wenzake. Projestus akapiga magoti, akaomba radhi kwa Kiswahili chake kilichonyooka kuliko chetu, kisha akafungua kile kifurushi, akamnyooshea buni mbili. Mwishehe hakunyoosha mkono. Zikabaki kiganjani mwa Projestus, mwisho akaziweka ukingoni mwa mkeka.

"Mimi sina ugomvi na wewe, kijana," Mwishehe akasema. "Wewe si mtani wangu. Ungekuwa mtani ningecheka. Kwa hiyo ulilosema ni tusi, na mwenye kutukanwa kalala kule, hawezi kukusamehe. Nenda salama."

Mnaona ubaya wake? Hakukasirika hata. Mtu mwenye hasira utamngoja ipoe. Huyu alisema haki tupu.

Projestus akarudi akaanza kufunga sanduku lake la bati. Koti la sufu akalitandika juu kabisa, alivae akifika. Nikamwambia labda mzee wako ataelewa. Akasema, "Ataelewa. Atanipokea mzigo gatini, hatasema neno, na hatanitazama usoni tena maisha yake yote." Kisha akasema jambo ambalo lilinichoma: "Nilifanya walilolifanya watu, Bakari. Ndivyo alivyoniambia."

Usingizi ulinipaa. Kulipokucha nilikuwa nimeshajua la kufanya. Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini hakuna aliyekataza kuyakanyaga ukacheza.

Ijumaa ile ndiyo ilikuwa siku ya kuanua matanga. Uani kwa Mwishehe pamejaa watu, masufuria yapo motoni, hitima imeshasomwa. Nikachukua kamba ya katani ya kutekea maji, nikamfunga Projestus kiunoni. Akauliza, unafanya nini? Nikamwambia nyamaza, baba yako alisema ufanye wanalolifanya watu, leo nitakuonyesha watu. Nikamkokota njia nzima ya Temeke, watoto wanatufuata nyuma.

"Hodi wenyewe," nikaita uani.

"Karibu, mtumwa," Mwishehe akajibu kwa mazoea tu, bila furaha. Halafu akamwona aliye mwisho wa kamba, uso ukafunga.

"Nimeleta bidhaa," nikasema kwa sauti ya mnadani. "Nauza mtumwa. Nilimpata stesheni Jumatatu, nikamtuma makaburini akanisemee maneno yangu, kayasema vibaya mpaka kanitia aibu. Mtumwa asiyejua kutukana wa kazi gani?"

Mwishehe akaweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Maneno yale yalikuwa yako?"

"Ya nani tena? Hapa Temeke nani mwenye ruhusa ya kumwita mama yako mlafi kama si mie?"

Nikaona mdomo wa mzee mmoja umeanza kucheza. Nikajua tumepona. Na hapo hapo Projestus, mtu asiyejua kusema uongo hata ukimkodishia, akafungua kinywa.

"Hapana," akasema. "Hakunituma. Nilisema mwenyewe."

Nikavuta kamba nimnyamazishe. Hakunyamaza.

"Nilimwona Bakari akimtukana bibi asubuhi zote mbili, na bibi akifurahi. Nikadhani ndivyo mnavyomwambia mtu kwamba mnampenda. Na mimi nilimpenda. Alinipa kitumbua siku ya kwanza, nikiwa sijui jina la mtu hata mmoja katika mji huu. Nilitaka na mimi nimwambie, na ule ndio ulikuwa wakati wa mwisho."

Basi. Mpango wangu wote chini. Nilitamani kumfungua kamba nimpige nayo.

Aliyesema kwanza ni Zuena, dada yake Mwishehe, aliyekuwa mlangoni jikoni na mwiko mkononi. Tangu mama yake afe alikuwa hajasema lolote ila kulia. "Kaka," akasema, "mtumwa huyu ana akili kuliko bwana wake. Mnunue, usimwachie Mnyamwezi amharibu."

Mzee mmoja akapasuka kicheko, kisha wa pili, kisha uani pote. Mwishehe hakucheka. Akainuka, akamzunguka Projestus taratibu, akamtazama juu mpaka chini kama anakagua ng'ombe.

"Mrefu bure," akasema. "Analima huyu?"

"Wapi," nikasema. "Kwao wanakaa kitako wanatazama ndizi zikiiva."

"Zuena, unga wa mama umeisha?"

"Nimekaangia wa mwisho leo. Kimebaki kitumbua kimoja, nimemwekea mtoto."

"Lete. Bei yake haizidi hapo."

Akanitilia kile kitumbua mkononi, akashika kamba. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe lile lile la makaburini, akampa Projestus. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Uwanja wote huu mpaka kwenye mnazi." Projestus akalima. Aliulima uwanja ule huku machozi yanamtiririka, watoto wa Mwishehe wanamhesabia matuta, na mwenyewe Mwishehe amekaa mkekani anamkosoa kila akiinama. Tulipoaga, Projestus akamnyooshea tena buni zake. Mwishehe akazisukuma. "Hivyo vijiwe peleka kwenu. Mie si mbuzi." Lakini safari hii alisema akicheka, kwa hiyo hakukuwa na neno.

Kitumbua nilikila nusu njiani. Nusu nilimpa mtumwa aliyeuzwa.

Jumamosi asubuhi Mwishehe alifika chuoni amevaa kanzu ya Ijumaa, kawashika mikono watoto wake, na nyuma yake mtaa mzima na watoto wao. Akamwambia Mwalimu Adelard, "Nimewaleta wanangu. Na nimekuja kumtazama mtumwa wangu anavyofundisha, asinipotezee bei yangu." Mwalimu hakuelewa kitu, ila alikuwa na busara ya kutouliza. Projestus akaandikwa.

Ah, miaka ile. Projestus alikuja kufundisha Temeke hapo hapo, akamwoa Auleria, binti wa kwao, na kila Idi alipelekewa sinia ya pilau kutoka kwa Mwishehe yenye salamu kwamba ni chakula cha mtumwa, asishibe sana akaacha kazi. Mwishehe alikuwa akipita darasani kwake akitoka bandarini, anasimama dirishani na vumbi la magunia mwilini, anauliza mbele ya watoto: "Huyu amekula leo au nimrudishe kwa Mnyamwezi?" Watoto wakifa kwa kicheko. Na kila mara Projestus alimpa buni mbili, na kila mara Mwishehe alizikataa, mie si mbuzi. Miaka sita.

Mwaka wa hamsini na nane Mzee Albano alikuja kumwona mwanawe. Nilikwenda stesheni na Projestus kumpokea. Mzee alishuka na kifurushi cha magamba ya mgomba, mrefu kama mwanawe, akapelekwa moja kwa moja shuleni, akaketi dawati la nyuma na wale watoto wa Kizaramo, akasikiliza somo zima la hesabu ambalo hakulielewa hata neno. Likiisha alitikisa kichwa mara moja. Projestus aliniambia kwamba hajapata kusifiwa hivyo maishani mwake. Haukupita mwezi, homa ikamchukua mzee.

Tulimzika Temeke. Walikuja Wahaya wa mjini, makarani na walimu, wamevaa suti nyeusi, na mkubwa wao ni Revelian, karani wa Kurasini, binamu yake Projestus. Kila mtu kajikaza. Projestus amesimama ukingoni, hajadondosha chozi tangu juzi, uso umekauka mpaka Auleria ananikonyeza kwa hofu. Padri alimaliza sala, akaondoka.

Nami, mbele ya Mungu, sikujua la kufanya. Mnyamwezi hana utani na Mhaya. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilisimama mzikoni na mdomo wangu hauna ruhusa.

Ndipo ikatokea kanzu nyuma ya suti zile. Mwishehe alipita katikati ya watu, akachukua sepetu mkononi mwa kijana aliyekuwa anafukia, akasimama juu ya udongo. "Fukieni upesi," akasema. "Mzee huyu mlafi, asije akarudi kumaliza ndizi za wajukuu."

Revelian aliruka akamkamata kanzu kifuani, Wahaya wawili wakamzingira. Mwishehe hakujitoa. Alikuwa anamtazama Projestus tu, anangoja.

"Mwache, Revelian," Projestus akasema. "Mwache. Huyo ni bwana wangu. Alininunua kwa kitumbua."

Halafu akacheka, na kicheko kikageuka kilio palepale, kikamwinamisha, akalia sana mpaka Auleria akamshika. Revelian akaachia kanzu, haelewi kitu.

Mtani akishafanya kazi yake lazima alipwe. Projestus akaingiza mkono mfukoni, hakuwa na chochote ila buni mbili alizokuja nazo baba yake. Akamnyooshea Mwishehe kama siku ile ya mkeka. Mwishehe akazitazama. Akazitia kinywani zote mbili, akazitafuna, akameza, kisha akashika sepetu, akaanza kufukia.